Kung'oa ekseli, habu na sproketi zilizoganda kwenye gari la nchi kavu na majini

Nimeandika haya nikiwa Rujewa, masika yakielekea kuisha, wakati ambapo mashine za mabondeni zinaanza kurudi gereji moja moja zikiwa zimebeba matope ya miezi mitano. Pawatila na trekta za majaruba kila fundi wa Mbarali anazijua. Ninachotaka kuelekeza hapa ni lile gari fupi la magurudumu sita au manane, bodi yake ya plastiki kama beseni kubwa, linalotembea nchi kavu na likiingia majini linaelea na kujisukuma kwa kuzungusha matairi yake yenyewe. Argo kutoka Kanada ndiyo maarufu zaidi ya aina hii. Hayapo mengi nchini, lakini pembezoni mwa bonde oevu la Ihefu na kwenye mfinyanzi mweusi wa Usangu, mahali ambapo Land Cruiser huzama mpaka milango, mwenye kazi ya huko akilipata haliachi.

Shida ni kwamba fundi hukutana nalo mara ya kwanza likiwa tayari limeganda, hana kitabu chake, na analitendea kama springi ya Fuso: nyundo ya kilo tano na vijana wawili wenye nguvu. Nisisitize mapema kabisa. Habu iliyoganda inavutwa. Haipigwi kwenye kichwa cha ekseli. Mengi yanayofuata ni maelezo ya namna ya kuivuta bila kuua vitu vilivyo jirani yake.

Nguvu inavyosafiri

Injini inazungusha mkanda wa klachi, mkanda unazungusha giaboksi, na giaboksi ina midomo miwili, kushoto na kulia. Kila mdomo una sproketi, yaani gurudumu la meno la cheni, na cheni zinatoka hapo kwenda kwenye ekseli za upande wake. Ekseli ni fupi, moja kwa kila gurudumu. Imeshikwa na beringi ya ndani kwenye fremu na beringi ya nje pale inapotobolea bodi, na hapo nje ndipo zilipo sili za kuzuia maji. Mwisho wake kuna habu, kile kipande cha chuma chenye stadi (bolti zisizo na kichwa) ambacho gurudumu linafungwa juu yake.

Magurudumu ya mbele hayakati kona. Dereva akitaka kugeuka, upande mmoja unazuiwa na mwingine unaendelea kusukuma, kama trekta ya minyororo. Kwa hiyo kila kona ni mshtuko kwenye cheni, sproketi na yale meno au kii (kipande kidogo cha chuma) vinavyoishika sproketi kwenye ekseli. Ukijua hilo hutashangaa kukuta kii imekatika au meno yamelika upande mmoja tu.

Kwa nini vinaganda? Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza kuwa kutu. Kati ya habu na ekseli kuna uwazi mdogo mno, sehemu za mia za milimita. Maji yakiingia humo, kutu inavimba na kujibana yenyewe mpaka vipande viwili vinakuwa kama kimoja. Na maji hayaingii kwa bahati mbaya. Gari likitembea kilomita kadhaa kwenye vumbi, beringi inapata joto. Likitumbukia mtoni, hewa iliyo ndani ya beringi inapoa ghafla, inasinyaa, na inavuta maji kupitia mdomo wa sili. Sili inaweza kuonekana nzima kabisa na bado ndani kukawa na kutu.

Kabla ya kugusa spana

Bodi ya gari hili ni beseni lisilo na mwanya, limetengenezwa makusudi lisivuje. Maana yake mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa, unalala chini kwenye sakafu na hautoki. Nimeona fundi mzoefu akiwasha grenda juu ya beseni kama hilo, na lililomwokoa ni kwamba kizibo cha chini kilikuwa wazi. Toa tangi la mafuta lote, lipeleke mbali. Toa betri. Fungua vizibo vya kutolea maji, osha sakafu kwa sabuni, kausha, acha wazi usiku kucha. Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya kazi, na mwenye gari aambiwe hivyo tangu mwanzo asije akadhani unamchelewesha.

Plastiki yenyewe huyeyuka karibu na sentigredi 130 na hulegea mapema kuliko hapo. Gundi haiishiki sawasawa. Ikitoboka inahitaji kuchomelewa kwa plastiki ya aina yake. Kwa hiyo popote utakapotumia moto au grenda, kata kipande cha bati, kitoboe katikati, kipitishe nyuma ya habu, na kati ya bati na bodi weka matambara mabichi. Yaloweshwe tena kila baada ya dakika chache.

Mambo mengine mawili ya hatari. Ekseli nyingine ni bomba, tupu ndani. Kama imezibwa pande zote mbili na ndani kuna maji au grisi, ukiipasha moto inaweza kupasuka kama bomu. Gonga usikie: kama inalia tupu, itoboe tundu dogo mahali pasipobeba uzito kabla ya kuleta moto, au usitumie moto kabisa. Na usipashe moto habu yenye tairi juu yake, hata siku moja. Dawa za kusafishia breki nazo zifutwe na zikauke, kwani baadhi yake zikikutana na moto hutoa hewa ya sumu.

Kuinua na kupima

Inua gari zima juu ya magogo manne, magurudumu yote yakiwa hewani. Jeki peke yake haitoshi. Weka gia huru, kisha zungusha kila upande kwa mkono. Upande wote ukikataa, legeza cheni, zungusha tena ekseli moja moja. Mara nyingi utagundua kwamba mkosaji ni mmoja, na wengine walikuwa wamefungwa naye kwa cheni. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, beringi imekwisha. Lisipocheza na lisizunguke, beringi imeganda. Hapo umeokoa nusu ya kazi, kwa sababu hulazimiki kung'oa kila kitu.

Sasa osha. Mfinyanzi wa Usangu ukikauka ndani ya cheni unakuwa kama saruji, na mafuta ya kupenya hayawezi kupita. Tumia maji, brashi ya waya na kijiti cha mwanzi kwenye pembe. Kisha piga picha kwa simu: kila sproketi, kila washa, kila kipande cha kutenganishia. Weka alama kwa tindo kwenye ekseli zenyewe, nukta moja ya mbele kulia, mbili ya katikati kulia, na kadhalika. Rangi itafutika kwenye dizeli, alama ya tindo haifutiki.

Cheni inafunguliwa kwenye kiungo chake cha kufungia, kama ya bodaboda. Kama kiungo kimeganda, kata cheni na uache kuihurumia. Cheni iliyoshika kutu kiasi hicho hairudi kazini.

Kulowesha

Spreyi ya dukani inasaidia, lakini mchanganyiko ninaoutegemea ni oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya bati au kioo. Asetoni inaifanya oili kuwa nyepesi ili ipenye, kisha yenyewe inapaa. Inawaka upesi, kwa hiyo siku ya kulowesha siyo siku ya moto. Tikisa chupa kila unapomimina, vinatengana. Tengeneza kibeseni cha udongo kuzunguka shingo ya ekseli ili oili isimwagike, jaza asubuhi, jaza jioni, na kila ukijaza gonga habu kwa nyundo ndogo ubavuni, mara ishirini au thelathini, ukizunguka. Mapigo madogo mengi yanatikisa kutu na kuvuta oili ndani. Siku mbili ni kiwango cha chini. Dizeli tupu inafanya kazi pia, ila ipe wiki.

Bolti na skrubu zinazoshika

Kabla ya kuvuta chochote, hakikisha hakuna kinachokishikilia. Hapa ndipo watu wanapovunja pula, kile kifaa cha kuvutia. Kuna mashine ambazo habu imeshikwa na bolti moja kubwa katikati ya ekseli, nyingine bolti imepita ubavuni kutoka upande mmoja hadi mwingine, nyingine kuna sirklipi (pete ya kubana) iliyofunikwa na matope mpaka huioni. Sugua kwa brashi ya waya uone chuma cheupe ndipo uamini.

Beringi za ndani mara nyingi zina skrubu ndogo mbili za spana ya pembe sita, au zina pete ya kufungia isiyo duara kamili, ambayo huzungushwa ikajibana. Pete hiyo inafungwa kuelekea upande ekseli inakozunguka gari likienda mbele, na inafunguliwa kinyume chake. Legeza skrubu yake kwanza, weka tindo butu kwenye kitundu cha pete, gonga. Wengi hugonga upande usio wake na kuikaza zaidi.

Skrubu ya pembe sita ikilika, pigilia kichwa cha spana ya nyota kikubwa kidogo kuliko tundu, kisha zungusha. Bolti iliyokatika na kuacha kisiki, weka nati juu yake na uichomelee kwa ndani. Joto la kuchomelea lenyewe linalegeza kutu, na ukishika nati ikiwa bado na uvuguvugu, bolti inatoka. Kisiki kikikataa mara mbili, nenda kwenye kutoboa, katikati kabisa, ukianza na keekee nyembamba.

Kuvuta habu

Hii ndiyo sehemu yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Pula ya miguu mitatu ya dukani inatosha kwa habu iliyoganda kiasi. Kwa ile iliyolala majini msimu mzima, miguu inapinda au inateleza. Tengeneza ya kwako. Tafuta bamba la chuma la unene wa milimita 20, litobolewe matundu yanayolingana na stadi za gurudumu, na katikati litobolewe na kuchomelewa nati ya M20. Bolti ya katikati iwe imeandikwa 10.9 kichwani, siyo bolti ya mageti. Mafundi wa kukereza vyuma wa Mwanjelwa, Mbeya, wanakutengenezea kwa siku moja ukiwapelekea mchoro wa stadi kwenye karatasi. Funga bamba kwenye stadi zote kwa nati zake, mpaka kila nati imekula nyuzi kikamilifu. Kati ya ncha ya bolti na kichwa cha ekseli weka gololi ya beringi kuukuu, kwenye kile kitundu cha katikati, ili bolti isichimbe ekseli. Kama ekseli ina bolti yake ya katikati, irudishe ikiwa na washa lakini uache uwazi wa nusu sentimita. Italinda nyuzi, na habu ikiachia ghafla haitaruka.

Paka grisi bolti ya kuvutia. Kaza. Mkono ukikataa, vaa bomba la mita moja kwenye spana, kaza tena mpaka bamba lianze kulia. Simama hapo. Sasa gonga habu ubavuni, pande zote, kwa nyundo ya kilo mbili, ukiwa umeweka nyundo nyingine nzito upande wa pili kama fuawe. Kaza robo. Gonga. Funika vyote kwa gunia la katani, na usisimame mbele ya bolti. Chuma kilichovutwa namna hiyo kinabeba nguvu ya kumuua mtu.

Isipoachia, usiongeze bomba. Acha mvuto ukiwa umekaa, ulowe usiku.

Kuna gari moja lililonifundisha subira hii. Lilikuja likiwa limeshajaribiwa gereji nyingine. Ekseli ya katikati upande wa kulia ilikuwa imepigwa nyundo kwenye kichwa mpaka kimepanuka kama uyoga, na habu haikuwa imesogea hata unene wa karatasi. Nguvu yote ya zile nyundo ilikuwa imepita kwenye ekseli na kutua kwenye beringi mbili na fremu. Beringi ya nje ilipasuka, na pale fremu inapoibeba palikuwa pamepinda. Ilinibidi kwanza nikwaruze ule uyoga kwa grenda na faili mpaka ukarudi kipimo cha ekseli, kwa sababu habu isingeweza kupita juu yake hata kama ingekuwa haina kutu kabisa. Kisha nikafunga bamba, nikakaza, nikagonga, nikaacha. Mwenye gari, mzee wa makamo kutoka Ubaruku, alikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi. Jioni akaniuliza, "Fundi, ndiyo tunalala bila kufanya kitu?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, kazi inaendelea. Sisi ndio tunakwenda kulala."

Siku ya pili tukaongeza joto, tukaacha tena. Usiku ule, kama saa nne, kijana anayelala gereji alisikia mlio kama kuni kavu inapopasuka, akadhani mwizi amevunja dirisha. Asubuhi tukakuta habu imesogea milimita tatu. Ilitoka yote kwa spana ya kawaida, bila bomba. Yule mzee aliishika ikiwa mkononi mwangu, akapitisha kidole ndani yake, kidole kikatoka chekundu, unga mtupu. Hakusema kitu kwa muda, kisha akaniuliza kama na zile tano nyingine zina unga huo. Zilikuwa nao.

Kuhusu joto lenyewe. Chuma hupanuka kidogo sana: tundu la habu lenye kipenyo cha milimita 31.75 likipanda joto kwa sentigredi 200 linaongezeka kama milimita 0.076. Ni kidogo, lakini kutu nayo inashika kwa kidogo hicho hicho, na inavunjika. Siri ni kuipasha habu na kuiacha ekseli baridi. Zungusha mwali wa gesi kwenye habu haraka, usisimame mahali pamoja, na usiifikishe kwenye wekundu. Chuma kikifika hapo kinapoteza ugumu wake. Kipimo changu ni waya wa risasi wa mafundi redio. Ukigusishwa kwenye habu ukayeyuka, umefika karibu sentigredi 190, inatosha. Zima gesi, gusisha mshumaa kwenye maungio ya habu na ekseli. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani. Kaza bolti robo, gonga. Rudia mara tatu, siyo zaidi kwa siku moja, na oili ile ya asetoni isikaribie mpaka chuma kipoe kabisa.

Wasio na bamba wanatumia jeki ya chupa ya tani 10 iliyolazwa kati ya ekseli na boriti iliyofungwa kwenye stadi. Inafanya kazi, ila jeki ikilazwa, pampu yake iwe upande wa chini, la sivyo itavuta hewa.

Sproketi za ndani

Huku hakuna nafasi ya bamba, na bodi iko karibu kila upande. Njia nzuri ni kuitoa ekseli pamoja na sproketi yake, ikiwa muundo wa gari unaruhusu: fungua vikombe vya beringi kutoka kwenye fremu na bodi, kisha telezesha ekseli kuelekea nje mpaka sproketi itokee au iegemee mahali unapoweza kuishika. Ukiwa nayo mezani, iweke juu ya mabamba mawili mazito yaliyobana kitovu cha sproketi, siyo meno yake, na uisukume kwa mashine ya kusukumia ya jeki. Mafundi wa magari makubwa wa Uyole na Mafinga wengi wanazo.

Isipotoka, pima thamani. Sproketi inapatikana au inachongwa. Ekseli yenye meno yake maalumu inaagizwa nje na inachukua miezi. Kwa hiyo sproketi ndiyo inayotolewa kafara. Kata kitovu chake kwa grenda kwa urefu, ukisimamisha diski milimita moja au mbili kabla ya kufika kwenye ekseli. Weka tindo kwenye mkato, piga mara moja kwa nguvu. Kitovu kinapasuka na kufunguka. Ukiona cheche zinabadilika au mkato unaonyesha mstari wa kutu, umefika mpaka, acha hapo.

Beringi nayo ni hivyo hivyo. Gololi na pete ya nje vikishatoka, pete ya ndani inabaki imeng'ang'ania ekseli. Ni chuma kigumu na chepesi kuvunjika kama sahani, kwa hiyo kata karibu upite, kisha tindo. Vaa miwani, na kijana anayekushikia taa avae pia. Pete ya nje iliyobaki ndani ya kikombe, piga mstari wa kuchomelea kwenye uso wake wa ndani, ikipoa inasinyaa na kuanguka yenyewe.

Kupima kabla ya kununua

Safisha ekseli kwa msasa laini, kisha pima kwa kalipa mahali beringi ilipokaa na mahali haikugusa kitu. Kama tofauti inashikika kwa ukucha, pete ya beringi ilikuwa inazunguka juu ya ekseli. Jazia kwa kuchomelea na ukereze upya, au badilisha. Usipige alama za tindo kuibana beringi; itashika wiki moja.

Hapa kuna mtego ambao umewagharimu watu wengi. Magari haya mara nyingi yametengenezwa kwa vipimo vya inchi. Ekseli ya inchi moja na robo ni milimita 31.75. Beringi inayoifaa imeandikwa UC206-20. Kwenye duka la vipuri vya mashine za kusaga utauziwa UC206 tupu, kwa nje zinafanana kabisa, zote zina kipenyo cha milimita 62, lakini tundu la hiyo ni milimita 30. Haitaingia, na kuna fundi atakayeshawishika kukereza ekseli ili iingie. Asifanye hivyo. Nenda na ekseli yenyewe dukani.

Cheni pima ikiwa imenyooshwa. Hesabu pini 21, pima kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho. Cheni namba 50 ikiwa mpya inatoa milimita 317.5, ikifika 324 imeongezeka asilimia 2, ibadilishe. Namba 60 mpya ni 381, na mwisho wake ni kama 389. Usifunge cheni mpya kwenye sproketi ambayo meno yake yamekuwa kama ndoana, na ukibadilisha cheni ya upande mmoja badilisha na wenzake wa upande huo. Mwenye gari atalalamikia bei. Mwonyeshe meno kwa macho yake.

Kurudisha

Kila mahali chuma kinapovaa chuma, paka grisi ya shaba, ile ya kuzuia kuganda, nyembamba lakini isiyoacha doa kavu: ndani ya habu, kwenye meno ya ekseli, kwenye kii, kwenye stadi. Hii ndiyo kazi iliyosahauliwa na aliyefunga mara ya kwanza, na ndiyo sababu gari limekufikia.

Sili ya nje inaingizwa mdomo wake ukielekea kule adui anakotoka, yaani kwenye maji. Kama ziko mbili, jaza grisi katikati yao. Isukume kwa kipande cha bomba chenye kipenyo chake, sawasawa pande zote, na ipake grisi mdomoni kabla haijapita kwenye ekseli. Mkwaruzo mmoja wa kii unatosha kuikata. Ndani ya beringi tumia grisi isiyooshwa na maji, ya boti, ukisukuma kwa bomba la grisi mpaka ile ya zamani yenye maji itoke yote na mpya ianze kuonekana.

Panga sproketi kwa rula ndefu au uzi uliovutwa kutoka ya giaboksi hadi ya ekseli. Zikipishana, cheni itakula ubavu. Klipu ya kiungo cha cheni, upande uliofumba uelekee kule cheni inakokwenda gari likienda mbele. Bolti za M10 zenye alama 8.8 nazikaza kama Nm 45, za M12 kama 80, kwa torki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Zungusha kwa mkono kwanza, kila upande mizunguko kumi, ukisikiliza. Kisha injini, polepole, gari likiwa bado juu ya magogo. Shusha, tembea kwenye uwanja mkavu, kata kona pande zote. Upepo wa matairi haya ni psi chache tu, usijaze kama ya gari. Beringi zikishapata joto, zishike kwa mkono: inayochoma ina tatizo, usiende nayo majini.

Majini anza kwenye kina cha magoti, vizibo vyote vikiwa vimefungwa, na mtu akiwa amesimama nje na kamba. Kaa dakika kumi bila kuzungusha magurudumu, angalia sakafu kuzunguka kila ekseli. Kisha zungusha, angalia tena. Tone linaloingia wakati magurudumu yanazunguka tu ni la sili. Linaloingia hata yakiwa yamesimama ni la kikombe cha beringi au ufa wa bodi.

Baada ya saa kumi za kazi, cheni mpya zitakuwa zimelegea. Zikaze, rudia torki kwenye bolti zote za vikombe, na sukuma grisi. Baada ya hapo, kila siku gari likitoka majini grisi isukumwe jioni ile ile, kabla halijalala. Kila mwaka, Julai au Agosti mashine zikiwa hazina kazi, vua habu zote, futa, paka grisi ya shaba upya, rudisha. Zikiwa zimepakwa vizuri zinatoka kwa mkono, na zote sita zinakwisha kabla ya saa sita mchana.